Mlango Umebonyea, Mtaa Mzima Umegeuka Fundi

Gari likibonyea Dar es Salaam, wa kwanza kufika si fundi. Atafika muuza vocha, aseme, "Bosi, hiyo mwagia maji ya moto tu, inarudi." Atafika kijana wa bodaboda, apendekeze barafu. Atafika mzee aliyekuwa akicheza bao, aitishe nyundo. Mwisho atafika yule asiyemiliki hata baiskeli, aamue kwa sauti ya hakimu: "Piga puti, piga rangi, uza." Wasikilize wote, washukuru, kisha ingia uani na mwongozo huu.

Kabla hujashika kifaa chochote, shika jambo moja: rangi haifichi. Rangi inayong'aa hutangaza kila kilicho chini yake, na kila ulichokiruka kwa haraka itakisoma kwa sauti jua likipiga ubavuni saa kumi jioni. Kazi yote iko chini ya rangi. Ukikubali hilo, unaweza kunyoosha mbonyeo mdogo mwenyewe nyumbani, na ukaupenda mlango wako.

Hatua ya 1: Jua kilichobonyea ni nini

Chukua sumaku, ijaribu pale palipoumia. Ikishika, hilo ni bati la chuma. Isiposhika, huenda ni plastiki, huenda ni alumini, ambayo hutumika kwenye boneti za baadhi ya magari.

Hapa ndipo muuza vocha anapopata nusu ya haki yake. Bampa nyingi ni za plastiki inayolainika kwa joto. Ukiimwagia maji ya moto na kuisukuma kutoka nyuma, mara nyingi hurudi. Mlango wa chuma haulijali birika lako. Bati lake lina unene usiofika milimita moja, na likishakunjwa linataka kusukumwa kwa akili.

Mpira wa kuzibulia choo nao una kazi yake halali. Mbonyeo ukiwa mpana, wa kina kifupi, na rangi haijapasuka, lowesha mpira, ubandike, uvute. Mbonyeo wenye mkunjo mkali hautasikia.

Yapo ya kumwachia fundi tangu mwanzo: nguzo za milango, kizingiti cha chini, chasisi, na popote penye mifuko ya hewa ya usalama. Sehemu hizo ndizo zinazokulinda gari linapogonga, wala si za kufanyiwa majaribio Jumapili.

Hatua ya 2: Nyoosha bati kwanza, puti baadaye

Fungua kava la ndani la mlango. Kabla hujachomoa waya wowote, tenganisha betri. Ukishaona mgongo wa bati, sukuma kwa mpini wa nyundo uliofungwa kitambaa, ukianzia kingo za mbonyeo na kuingia katikati polepole.

Mzee wa bao atakuhimiza upige. Kataa kwa adabu. Bati likipigwa mno hutanuka, na bati lililotanuka halikai: ukilisukuma linaingia, ukiliachia linatoka, na mlango unapiga kelele kila unapofungwa. Pigo dogo, jepesi, likiwa na kipande cha chuma kilichoshikiliwa upande wa pili, linatosha.

Usiyaamini macho peke yake. Pitisha kiganja chote, si ncha za vidole, ukiwa umevaa soksi nyembamba mkononi. Majirani watacheka, lakini kiganja kitahisi kisichoonekana. Kisha elekeza tochi ya simu ubavuni mwa mlango, mwanga ulale juu ya bati. Vivuli vitakuonyesha kila kasoro. Palipoinuka pashushwe sasa, kwa sababu kilima hakijazwi puti. Bonde ndilo linalojazwa.

Hatua ya 3: Puti kidogo, subira nyingi

Kwangua rangi kwa msasa namba 80 mpaka chuma kionekane, na uvuke kidogo mipaka ya jeraha. Kutu yoyote itoke yote. Kutu iliyofunikwa inaendelea na safari yake chini kwa chini, nayo itakurudia ikiwa na malengelenge. Pwani, chuma kilichoachwa wazi usiku mmoja kinaweza kuamka chekundu, kwa hiyo usianze kukwangua jioni kazi ambayo huna muda wa kuifunika.

Puti huchanganywa na hadena, ile tyubu ndogo inayouzwa pamoja na kopo. Kipimo cha kawaida ni karibu gramu 2 za hadena kwa gramu 100 za puti. Soma kopo lako. Hadena ni chumvi ya mchuzi: ukizidisha, hurudishi. Changanya mpaka rangi iwe moja bila michirizi, na changanya kiasi cha kupaka mara moja tu. Katika joto letu puti hukupa dakika chache; mwenye kusimama kujibu simu atarudi na kukuta jiwe.

Paka tabaka jembamba, lingine juu yake likihitajika. Jumla isizidi milimita 3 hivi. Puti nene hupasuka, hasa mlangoni, panapofungwa kwa kishindo kila siku. Ikikauka, sugua kwa msasa uliofungwa kwenye kibao, kuanzia 80, kisha 180, kisha 320. Vidole vitupu huchimba mifereji. Vaa barakoa ya vumbi, na sugua kavu: puti hunyonya maji, na maji hayo hukaa chini ya rangi yakisubiri kukuaibisha. Kwa sababu hiyo hiyo, mlango wenye puti tupu usilale mvuani.

Na wewe unayetaka "piga puti, uza", ujue mnunuzi mwerevu anakuja na sumaku yake iliyofungwa kitambaa. Ataipitisha ubavuni mwa gari, na pale itakapoacha kushika, bei itaanza kuporomoka.

Hatua ya 4: Nyeupe si nyeupe

Magari mengi barabarani mwetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na kila moja limebeba jina la rangi yake kwenye kibao kidogo cha chuma, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe tupu. 070 ni nyeupe ya lulu, inayopigwa kwa tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu, kisha klia, ile rangi angavu ya juu. Ukipiga 040 kwenye gari la 070, mlango wako utaonekana umeazimwa.

Nambari peke yake haitoshi. Jua limeshalibadilisha gari lako kwa miaka. Fungua kifuniko cha tangi la mafuta, upeleke kwa mchanganya rangi, naye alinganishe na rangi ilivyo leo.

Anza na praima, ile rangi ya msingi, isugue kwa msasa 400 mpaka 600, futa vumbi na mafuta yote, kisha puliza rangi matabaka mawili au matatu membamba. Kopo la kupulizia likae sentimita 20 mpaka 30 kutoka kwenye bati, mkono ukitembea sambamba nalo, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Klia ipake mlango mzima mpaka kingoni; ukiikatisha katikati, mpaka utaonekana daima.

Chagua siku isiyo na upepo, kivulini. Juani rangi hukauka kabla haijatulia, ikaacha uso wa mchanga. Masika, kati ya Machi na Mei, unyevu huifanya klia iwe na ukungu. Mwagia uwanja maji vumbi litulie, na uwaombe kuku wakatembee kwingine.

Moto usiwe karibu. Mvuke wa thina hushika haraka, kwa hiyo jiko la mkaa la jirani ni jambo la kuzungumza kabla ya kupuliza. Klia ya kuchanganywa na hadena ina isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu. Barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo. Hiyo waachie wenye vifaa kamili vya kupumulia na chumba cha kupigia rangi. Nyumbani, kwenye watoto, tumia klia isiyo na hadena.

Hatua ya 5: Jizuie

Klia ikikauka vizuri, baada ya siku kadhaa, chembe za vumbi zilizonasa zitoe kwa msasa 2000 na maji, kisha ng'arisha kwa polishi. Mkono uwe mwepesi. Rangi ya kiwandani yote, kuanzia praima hadi klia, mara nyingi haizidi sehemu kumi na tano za mia za milimita, na yako haina ziada ya kupoteza. Nta isubiri wiki kadhaa.

Ukifika hapa, utakuwa umeelewa fundi bodi anatoza nini. Anatoza kiganja kinachohisi, jicho linalosoma mwanga, na uvumilivu wa kusugua kitu ambacho hakuna atakayekiona. Mbonyeo mkubwa ukija, mpelekee yeye, na ukienda usimwambie "piga puti tu". Na siku ukiuza gari, mwonyeshe mnunuzi mlango ulionyooshwa kabla hajatoa sumaku yake. Kazi iliyofanywa sawasawa haiogopi kutajwa.