Pampu ya Lita 255

Ukishabadilisha kitu kimoja tu kwenye gari lako, watu hawakuulizi tena unahitaji spea gani. Wanakuuliza unataka kubwa kiasi gani.

Mjomba wangu wa Namoto, upande wa Msumbiji wa mto Ruvuma, alikuwa na Hilux ya zamani, injini 22R ya lita 2.4. Alichobadilisha ni kabureta. Ya mwanzo ilishachoka, akafunga Weber 32/36. Basi, hakuna zaidi. Lakini tangu siku ile hakuiita tena Hilux, aliiita "mashine".

Hiyo ilikuwa kabla ya 2017, vita haijafika Mocímboa da Praia, na shughuli kubwa ya Namoto ilikuwa kuusubiri mto. Pantoni la Ruvuma lilikuwa likivuka maji yakijaa. Yakitoka, lilikaa mchangani na abiria wakageuka majirani. Daraja la Umoja lilishafunguliwa 2010, ila liko Mtambaswala, mbali huko bara, na kwa petroli yetu ya vidumu hakuna aliyelipigia hesabu.

Pampu ya mafuta ilipokufa, fundi alichomoa dipstiki, akainusa, akanipa na mimi ninuse. Oili ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, inanuka petroli. Pampu ya 22R haina umeme. Imefungwa kichwani mwa injini, inasukumwa na kamshafti, na ndani ina mpira. Mpira ukichanika, petroli nyingine inadondokea nje kwa kitundu cha chini, nyingine inateremkia kwenye oili. Dawa yake ni pampu ya aina ileile. Fundi alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na hapo ndipo alipoponzeka, maana kwenye baraza la Mjomba ushauri usiopigiwa kelele hauhesabiwi.

Shemeji yake Mjomba aliye Mtwara alipopatikana kwenye simu, yeye alipiga kelele. "Shemeji, gari ulishalitia kabureta ya maana, unalifungia pampu ya kizee? Kuna ya magari ya mashindano hapa, lita 255 kwa saa!"

Baraza zima likaguna kwa heshima. Nikajaribu kueleza kwamba 22R, hata ukiikanyaga mpaka mwisho, haivuki sana lita 30 kwa saa, na kwenye mchanga wa njia ya Palma hakuna anayekanyaga mpaka mwisho.

"Mwanangu," Mjomba akanijibu kwa upole, "nyingine itakuwa akiba."

Pampu ikavuka kwa mtumbwi, imo ndani ya mfuko wa sembe. Fundi akaigeuzageuza, akakuna kichwa. Shida haikuwa wingi wa mafuta, ilikuwa presha. Pampu za injini za nozeli husukuma kwa kama bar 3, na mafuta ya ziada hurudi tangini. Mlangoni mwa kabureta kuna kisindano tu, kinachosukumwa na boya: mafuta yakipanda, boya linapanda, kisindano kinaziba. Weber ile inataka kama bar 0.2. Fundi akaomba regileta ya presha na mpira wa kurudishia mafuta. Mjomba akaona huo ni ulaji. Mpira tulioupata ni ule mweupe unaoonyesha ndani, wa mafundi ujenzi wa kupimia levo kwa maji, ambao petroli huukakamaza mpaka ukapasuka. Siku hiyo haukupata hata nafasi ya kukakamaa.

Swichi ikafunguliwa. Pampu ikalia ngwiii, kisindano kikashindwa, petroli ikafurika kooni mwa kabureta na kumwagikia manifoldi, mara mpira nao ukachomoka na kuanza kuogesha wasimamizi. Mzee mmoja mwenye sigara aliondoka kwa wepesi ambao goti lake lilikuwa likiukana tangu Ramadhani. Mjomba alikuwa akipiga kelele, "Zima! Zima!" na ufunguo anao yeye mkononi.

Pampu ya kizee ilinunuliwa kutoka kwenye Hilux iliyokufa ng'ambo, kwa bei ambayo shemeji aliona aibu kuitaja. Tukamwaga oili, tukaweka mpya, na fundi akafunga chujio jipya, mshale ukielekea kwenye kabureta. Gari likawaka.

Ile ya lita 255 Mjomba aliifuta vizuri, akairudisha kwenye mfuko wake wa sembe, akaanza kuitafutia gari. Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa ameshapatana bei na mtu wa Mtwara mwenye Subaru isiyo na injini.