Ukihamia Ankh-Morpork, Dai Risiti

Kwanza hongera. Wengi wakilichoka jiji lao huhamia jingine la dunia hii hii, wakakuta foleni ile ile na mwenye nyumba yule yule, jina tu ndilo tofauti. Wewe umechagua Ankh-Morpork, jiji kubwa kuliko yote katika Discworld, dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kasa anayeogelea angani. Mwandishi Terry Pratchett, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, alilitia moto jiji hili mwanzoni kabisa mwa riwaya ya kwanza, mwaka 1983, kisha akatumia sehemu kubwa ya riwaya 41 kulijenga upya. Basi la kwenda huko hakuna. Ila Wincanton, mji mdogo wa Somerset huko Uingereza, umekuwa mji dada wake rasmi tangu mwaka 2002, na una mitaa iliyopewa majina ya kule. Anzia hapo kuulizia njia.

Ukikaribia, pua itakuambia umefika. Mto Ankh unaligawa jiji pande mbili, Ankh kwa wenye nacho na Morpork kwa wengine wote, na uchafu wa pande zote mbili unakutana katikati kwa usawa ambao siasa haijawahi kuufikia. Maji yenyewe ni mazito kiasi cha kukanyagika. Mtu akidondoka kutoka darajani, wenyeji huuliza amevunjika wapi.

Siku ya kwanza utaibiwa. Usipige yowe, utaonekana mshamba. Yule aliyekuchomolea pochi ni mwanachama hai wa Chama cha Wezi, ana leseni, na kazi ikiisha anatakiwa akuandikie risiti. Akijifanya ana haraka, mshike shati: dai risiti! Ihifadhi vizuri, maana wizi wa kule una kiwango chake kwa mwaka, na aliyeibiwa kupita kiasi ana haki ya kulalamika. Mwenye uwezo analipa ada mapema na mwaka mzima anapita uchochoroni akiimba. Shida ni mwizi asiye na leseni. Huyo usimkimbilie polisi. Chama chenyewe kinamtafuta, maana anaharibu soko, na wakishampata habari zake huwa hazisikiki tena.

Utajiuliza nani alibuni mfumo wa namna hii. Ni mtawala mwenyewe, Havelock Vetinari, ambaye cheo chake ni Patrician na shule aliyosoma ni ya Chama cha Wauaji. Alipoingia madarakani aliwaita vinara wa wezi akawaambia maneno ya busara kabisa: uhalifu haumaliziki, basi angalau uwe na utaratibu. Wao wapate kipato cha uhakika, ofisi na heshima, naye apate jiji ambalo wizi wake unajulikana kiasi chake. Wakakubali huku wakikonyezana, wakiamini wamepata bwege. Miaka ikaenda. Vinara wakanenepa, wakajenga, wakaoa, wakapeleka watoto shule nzuri, wakafuga farasi wa bei mbaya. Ndipo alipowakumbusha, kwa upole wake ule ule, kwamba anajua nyumba zao zilipo, watoto wanasoma wapi na farasi wanalala banda gani. Mtu asiye na kitu anatishika kwa shida sana. Vetinari aliwapa kitu kwanza.

Ukishauelewa mpango huu umelielewa jiji, mengine ni adabu ndogo ndogo. Wauaji, kwa mfano, ni watu wa kuheshimika kupindukia. Wanavaa nguo nyeusi za mshono mzuri, shule yao inagombaniwa na familia bora hata kwa watoto wasio na nia ya kumuua mtu, na bei ya roho hupanda kwa kadiri ya hadhi ya mwenye roho. Usikasirike ukisikia bei yako; kasirika ukisikia ni ndogo. Mkuu wa polisi, Samuel Vimes, aliwasumbua sana. Kila aliyetumwa nyumbani kwake alitumbukia kwenye mtego mmoja au mwingine, hadi Chama kikaacha kupokea kazi yoyote yenye jina lake. Sasa humtumia kama somo la vitendo: wanafunzi wanapelekwa kwake wakajifunze kushindwa.

Ukipata mchumba, wakumbuke Ombaomba, nao wana chama. Huku kwetu kadi ya harusi huja na kiwango cha mchango ili uhudhurie; kule mwenye harusi ndiye anayewachangia wageni fulani ili wasihudhurie. Usipotuma chochote watakuja wote, na miongoni mwao atakuwepo mzee Foul Ole Ron, ambaye harufu yake ni kali kiasi cha kuwa na tabia zake binafsi na kufika mahali kabla yake. Halafu hili la nguo ya harusi: kuna Chama cha Mafundi Cherehani, kinamama wakarimu wanaofanya kazi usiku na kulipwa vizuri. Ukiingia na suruali iliyochanika kweli, ukataka ishonwe kweli, watakuangalia kwa huruma.

Moto ukizuka, zima mwenyewe. Kiliwahi kuwepo Chama cha Wazima Moto, na wenye nyumba walilipia ulinzi wake, hadi wanachama walipogundua njia ya mkato ya kupata wateja: kupita mlango kwa mlango wakisifia jinsi nyumba yako inavyoonekana kushika moto haraka, kiberiti kikiwa mkononi. Kikapigwa marufuku. Bima nayo ililetwa na mtalii, katika riwaya ile ile ya mwaka 1983. Alimweleza mwenye baa iitwayo Ngoma Iliyopasuka kwamba nyumba iliyokatiwa bima ikiungua mwenyewe analipwa. Maelezo yalieleweka haraka kuliko ilivyokusudiwa, na jiji likaungua. Baa ilijengwa upya na sasa inaitwa Ngoma Iliyozibwa.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi kwa sababu ya staha. Soseji za bwana Dibbler, zile anazotembeza kwenye trei shingoni, hununuliwa na watu waliowahi kuzila. Sababu ni harufu ya vitunguu. Siwezi kukushauri zaidi ya hapo.

Kama una elimu, au unaitafuta, kipo Chuo Kikuu Kisichoonekana, cha wachawi, ambako masomo huingiliana na ratiba ya milo kwa bahati mbaya tu. Msimamo wao kuhusu kodi ni wa mfano: wako tayari kulipa kwa hiari yao kiasi chochote watakachoombwa, mradi asiwepo wa kuwaomba. Mkutubi wao aligeuzwa orangutangu kwa ajali ya kichawi, akakataa katakata kurudishwa ubinadamu, maana mikono mirefu inafika rafu za juu na hakuna anayethubutu kuchelewesha kitabu. Mheshimu. Anayemwita kima huokotwa mbali kidogo na alipokuwa amesimama.

Sasa siasa, maana najua unakotoka hukosi maoni. Kupiga kura kupo, na daftari la wapiga kura halijawahi kuleta utata: lina jina moja, la Vetinari. Ukiitwa kumwona utasubirishwa kwanza katika chumba chenye saa ya ukutani. Isikilize. Inakwenda vizuri tu na wakati haikosei, lakini mlio wake haulingani: ti… ta, ti… ti, kimya, ta. Sikio linausubiri mlio ambao hauji, unakuja pale ulipokata tamaa, na baada ya robo saa mtu aliyeingia na hoja saba anatamani kukiri hata yale asiyoyatenda. Ofisini kwake utakaribishwa kiti. Hatapandisha sauti. Atakuuliza kuhusu jambo ulilodhani unalijua peke yako, kisha atarudia kusoma karatasi zake, nawe utajua kikao kimekwisha. Lolote ufanye, ila usifanye mchezo wa kuigiza bila maneno. Waigizaji bubu wa namna hiyo huning'inizwa kichwa chini katika shimo la nge.

Nina neno hapa kwa wasomaji wanaomaliza riwaya hizi wakisema, "Laiti na sisi tungepata Vetinari wetu." Ngojeni kwanza. Dikteta huyu anakula mkate na maji, hana ndugu wa kuwapa zabuni, hajengi kasri jipya kijijini kwao, na kila asubuhi anakumbuka kwamba jiji litaendelea kuwepo akishakufa. Pratchett alimpa akili akamnyima tamaa, jambo ambalo riwaya inaruhusu bila gharama yoyote. Anayeagiza wa aina hii kutoka nje ya kitabu huletewa kingine kabisa.

Tena angalia anavyoajiri. Shirika la posta lilipokufa, barua zikiwa zimerundikana hadi darini na vinyesi vya njiwa vimejaa vyumba vizima, alimteua tapeli. Moist von Lipwig alikuwa ametoka kunyongwa hadharani, karibu afe, akazindukia ofisini mwa Vetinari akapewa nafasi ya kuchagua kati ya posta na kaburi. Hayo yamo katika *Going Postal*, ya mwaka 2004. Lipwig akaingiza stempu, akagundua watu wanazikusanya bila kuzitumia, yaani wanamlipa pesa kwa huduma wasiyoitaka, na machozi ya furaha yakamlengalenga. Baadaye akapewa na benki, ambayo mwenyekiti wake ni mbwa mdogo aliyerithi hisa nyingi kutoka kwa mama mwenye mali. Mama huyo hakumwachia Lipwig mbwa hivi hivi: aliwalipa Wauaji kabisa wamshughulikie Lipwig iwapo mbwa angekufa kwa mkono wa mtu. Nimesoma kanuni nyingi za kuwabana wakurugenzi wa benki. Hii ndiyo ninayoielewa.

Usiogope ugeni wako. Kila anayeishi pale alitoka mahali, vibete kutoka milimani, majitu ya mawe, wanyonya damu walioapa kuacha pombe yao, na uhasama wao wa karne nyingi wanauleta pamoja na mizigo. Hata majeshi ya uvamizi hupokelewa kwa malango wazi. Wiki moja baadaye askari wavamizi wanashangaa farasi wao wameenda wapi, na wao wenyewe wamekuwa kabila dogo lenye mgahawa wake. Vitambulisho haviulizwi sana. Koplo mmoja wa polisi, Nobby Nobbs, anatembea na hati iliyosainiwa na Vetinari inayosema kwamba, kwa kupima ushahidi uliopo, yaelekea ni binadamu.

Ukikosa kazi kabisa, jiunge na Walinzi wa Jiji, yaani polisi, lakini kwanza piga hesabu ya viatu. Vimes aliipiga katika *Men at Arms*, ya mwaka 1993, akiwa kapteni wa dola 38 kwa mwezi pamoja na posho. Buti imara zilikuwa dola 50, za kudumu miaka na miaka. Za dola 10 zilikuwa na soli ya karatasi ngumu, zikaanza kuvuja baada ya msimu mmoja au miwili. Mwenye dola 50 hununua mara moja akasahau. Mwenye dola 10 hununua tena na tena, akatumia nyingi kumzidi tajiri, na miguu bado imelowa. Mwaka 2022 mwanaharakati wa Uingereza, Jack Monroe, aliazima jina la buti hizo, kwa ridhaa ya wasimamizi wa kazi za Pratchett, kwa ajili ya kipimo cha kufuatilia bei za vyakula wanavyonunua maskini. Vimes mwenyewe alikuja kumwoa mwanamke tajiri kuliko wote jijini, akawa anatafutiwa viatu vizuri, akavichukia. Soli zilipokuwa nyembamba alikuwa akitembea kwenye ukungu usiku wa manane na kujua yuko mtaa gani, kwa jinsi mawe ya barabarani yalivyomgusa wayo.

Kazi ya polisi kule ina posho ndogo na shukrani ndogo zaidi. Walipoliokoa jiji na joka, wakaambiwa waombe zawadi waitakayo. Waliomba nyongeza kidogo ya mshahara, birika jipya na ubao wa kurushia vishale. Vetinari, ambaye alikuwa amejiandaa kukataa makubwa, hakujua atazame wapi.

La mwisho ni Carrot, na hapa uwe makini. Ni kijana mrefu, mpana wa mabega, aliyelelewa na vibete na kuhifadhi kitabu cha sheria za jiji kwa kichwa, akidhani zinatumika. Siku zake za mwanzo kazini alimkamata kiongozi wa Chama cha Wezi kwa kosa la wizi, na jiji zima likashindwa kumweleza kosa lake liko wapi. Ana upanga wa zamani na alama mwilini yenye umbo la taji, na kila mtu anajua maana yake ila hakuna anayetaka kuizungumza. Ufalme hautaki. Hanunuliki, hatishiki, hana farasi wa bei mbaya, kwa hiyo mpango wote niliokueleza unamzunguka bila kumgusa. Atakutana nawe jioni moja barabarani, atakuita kwa jina lako kamili, atauliza hali ya mama yako na kweli atataka kujua. Usisubiri swali la pili. Kiri, mpe mikono, na mkifika kituoni omba chai, birika walilipata.