Mwalimu Akata Rufaa

Watu wasioujua mchezo wa sataranji hudhani kuwa ni mchezo wa amani, kwa sababu picha walizoziona ni za wazee wawili walioinamia ubao wakishika tama. Ilhali hakuna baraza la kadhi wala lango la forodha ambapo husuma huzaliwa kwa wepesi, na kulelewa kwa mapenzi, kuliko katika ukumbi wa mashindano ya mchezo huo. Tofauti ni kuwa husuma za hapo huendeshwa kwa kunong'ona. Aliyedhulumiwa hana ruhusa ya kupaaza sauti. Hana budi asimamishe saa, ainue mkono, na aikalie ghadhabu yake kama mtoto wa chuoni mpaka mwamuzi apate nafasi ya kumfikia.

Sisi tuliolelewa kwa bao tunaiona taratibu hiyo kuwa ni adhabu kabla ya hukumu. Katika bao kila apitaye ni mwamuzi. Muuza kahawa ataweka dele lake chini aseme kwamba kete zimehesabiwa vibaya. Mpita njia asiyejua hata namna ya kunamua atatoa fatwa. Na mzee aliyekuwa akisinzia ukutani atafumbua jicho moja na kuitengua fatwa hiyo. Kelele zikizidi, kete hukusanywa, bao huanzwa upya, na haki huhesabiwa kuwa imetendeka. Ama sheria za sataranji, zitungwazo na FIDE, shirikisho la dunia lililoasisiwa Paris mwaka 1924, hazina huruma kwa desturi kama hiyo: mtazamaji aliyeona kosa hana ruhusa ya kumwambia mtu yeyote ila mwamuzi, na akishindwa kuuzuia ulimi wake, hutolewa nje.

Nilijiandikisha katika mashindano yaliyofanywa kwenye ukumbi wa chakula wa shule moja, mahali ambapo harufu ya maharage ya Ijumaa ilikuwa ingalipo Jumapili. Mwamuzi mkuu alikuwa kijana niliyemfundisha zamani katika darasa la tano, naye, kwa adabu njema aliyolelewa nayo, aliinuka kila nilipopita akasema, "Shikamoo, mwalimu," nami nikaitikia marahaba kwa sauti ya kutosha kusikika katika meza za jirani, nikiamini kuwa ninajiwekea akiba ya heshima ambayo siku ya haja nitaitoa yote pamoja na faida yake.

Mpinzani wangu alikuwa binti wa shule ya msingi ambaye miguu yake, alipoketi, haikugusa sakafu. "Shikamoo, babu," alisema, neno lililonichoma kidogo, maana mvi katika ukoo wetu ni urithi na wala hazina uhusiano na umri. Kisha, bila ya kungoja jeraha hilo lipoe, akaanza kuninyang'anya kete zangu moja baada ya moja. Yalipobaki matumaini haba, nilimtoa malkia wangu akamtishia mfalme wake. Mfalme akasogea nyumba moja. Malkia akarudi alikotoka. Mfalme naye, kwa sababu kulikuwa na kete aliyopaswa kuilinda, akarudi kwake. Na safari hiyo ikaanza tena. Sheria yasema kwamba sura moja ya ubao ikitokea mara tatu, mchezaji ana haki ya kudai suluhu, maadamu hatua aliyokusudia hajaicheza, bali ameiandika tu katika karatasi yake na kumtangazia mwamuzi nia yake. Niliandika. Nikasimamisha saa. Nilikuwa ninainua mkono wakati sahibu yangu alipoharibu mambo.

Sahibu huyu ni fundi wa bao ambaye mtaa mzima humwogopa, na nilimchukua kwa sharti kwamba angetazama kimya. Alikwisha apa. Kiapo chake kilidumu zaidi ya nilivyotarajia, lakini alipomwona malkia anajiandaa kwenda alikokwisha kwenda, uvumilivu ulimwishia akapiga ukelele uliowasimamisha wachezaji wa ukumbi mzima: "Imerudi! Imerudi mara tatu hiyo! Binti, kusanya kete!" Waamuzi wasaidizi wawili walimshika kila mmoja mkono wake wakamtoa, naye akatoka akiuliza tangu lini kweli ikawa na zamu ya kusemwa. Muda mfupi baadaye alitokea dirishani, na kwa kuwa kusema amekatazwa, alinyosha vidole vitatu akavibakiza hapo.

Sikuona haya kuwa chanzo cha fadhaa hiyo, kwa kuwa nilijua kwamba ninafuata nyayo za wakubwa. Huko Baguio, nchini Ufilipino, mwaka 1978, Karpov na Korchnoi walipokuwa wakishindania ubingwa wa dunia, mtumishi alimletea Karpov kikombe cha mtindi katikati ya mchezo wa pili, na upande wa Korchnoi ukapeleka malalamiko rasmi ukidai kuwa mtindi waweza kuwa barua ya siri, kwa maana aina yake au saa ya kuletwa kwake yaweza kumwambia mlaji acheze nini. Mambo hayo hayakuchekwa. Yalisikilizwa na watu wazima waliovaa tai, na mwisho ikaamuliwa kuwa mtindi uletwe kwa saa maalumu na kwa utaratibu maalumu. Mwaka 2006, katika mji wa Elista nchini Urusi, ugomvi ulihusu choo: upande wa Topalov ulilalamika kwamba Kramnik anakwenda msalani mno, kamati ya rufaa ikafunga misala ya faragha, na Kramnik akakataa kucheza mchezo wa tano, akahesabiwa kuwa ameshindwa mchezo huo, kisha mwisho wa yote akautwaa ubingwa. Ikiwa mabingwa wa ulimwengu huyashtaki maziwa na milango ya choo, mwalimu mstaafu ana kosa gani akidai suluhu yake ya halali?

Mwamuzi alifika, akaniamkia, akasikiliza. Swali lililomkabili, nakiri, lilikuwa la kifakihi: je, dai ni langu, au ni la yule mwenye vidole vitatu dirishani? Nilimjibu kwamba wino ulitangulia ukelele, na karatasi ni shahidi. Akaichukua karatasi. Akaitazama kwa upande huu, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga, kisha akainama karibu na sikio langu akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Mwalimu, samahani sana. Hapa pameandikwa nini?"

Huyu ndiye mtoto niliyemkata alama mwaka mzima kwa ajili ya mwandiko wake.

Nilimsomea, naye akakubali kuwa dai ni langu. Lakini ili kulihakikisha ilibidi mchezo urudiwe tangu mwanzo juu ya ubao mwingine, na kwa kuwa karatasi yangu haikuweza kutoa ushahidi bila ya mkalimani, ilitumiwa ya yule binti, iliyoandikwa kwa herufi za duara zilizopangwa sawasawa. Waliporudia ikaonekana kuwa sura ya ubao ilitokea mara tatu kweli, ila katika mara ya kwanza mfalme wa binti alikuwa hajapata kusogea, na kwa hiyo alikuwa bado na haki ya kuvuka nyumba mbili na kukingwa na ngome yake. Aliposogea, haki hiyo ikapotea, na sura mbili zenye haki mbalimbali hazihesabiwi kuwa ni moja. Nilitoa hoja kwamba wakati huo mfalme alikuwa ametishiwa, na mfalme aliyetishiwa haruhusiwi kuvuka, basi haki yenyewe ilikuwa jina tupu. Mwamuzi alinijibu, kwa upole wa daktari aletaye habari mbaya, kwamba haki iliyozuiliwa kwa kitambo haijafutwa. Ningali naiona hoja yangu kuwa bora kuliko sheria.

Dai lisipothibiti, mpinzani huongezewa dakika mbili, na mdai hulazimika kuicheza ile hatua aliyoiandika. Nikaicheza. Katika dakika hizo mbili binti alitambua kwamba mfalme wake halazimiki kurudi njia ile ile, akampitisha kwingine, na kabla ya alasiri mfalme wangu mimi ndiye aliyekosa pa kwenda.

Ilibaki rufaa. Rufaa hupelekwa kwa maandishi, pamoja na amana ya fedha irudishwayo endapo mrufani atashinda, na karani wa kamati, aliyekwisha pata habari za mwandiko wangu, aliniomba kwa heshima kwamba waraka uweze kusomeka. Nilikuwa ninahangaika na karatasi ya tatu wakati binti aliposimama kando yangu. "Babu, nikuandikie?"

Nikamsomea, akaandika. Alisita mahali pamoja tu, niliposema kwamba mpinzani hakuwa na nia yoyote ya kukimbilia ngome. "Lakini babu, nia nilikuwa nayo." Nilimweleza kwamba mshtakiwa hupewa wakati wake wa kujitetea na wakati huo bado, akaridhika, akaandika kama nilivyotaka, na kichwa cha waraka akakipigia mstari kwa rula.

Kamati ya watu watatu iliitupa rufaa kwa kauli moja, na katika uamuzi wake ikausifu waraka kwa usafi. Amana haikurudi. Ilitiwa, niliambiwa, katika mfuko wa chai ya washiriki, nayo chai ikaletwa pale pale pamoja na sinia la vitumbua. Nilimwita sahibu yangu aingie, kwa kuwa katika kula hakuna sheria ya kunyamaza, tukaketi karibu na sinia. Nilimwuliza mpishi bei ya kitumbua kimoja, tukapiga hesabu kwa vidole vyake vile vile, na tulipoondoka jioni tulikuwa bado tunaidai kamati vitumbua vinne.