Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Kwa heshima na taadhima nabisha hodi kwenye ofisi yako ya Zanzibar, nikiwa huku Munigi, juu kidogo ya Goma, kwenye barabara iendayo Rutshuru. Naomba uniwie radhi kwa kukuletea habari za mchezo ilhali meza yako imesheheni kazi za mataifa. Nimethubutu kwa kuwa mchezo wenyewe ni wa maneno, na Kiswahili cha Jumuiya kimewekwa mikononi mwenu, nasi Wakongomani tumo ndani ya Jumuiya hiyo tangu 2022.

Wanafunzi wangu, Mheshimiwa, wanapenda Scrabble, na katika mchezo huo Kiingereza kimejipanga. Kina orodha rasmi ya maneno, iliyochambuliwa kwa urefu na kwa herufi. Mchezaji wa mashindano huyajua kwa moyo maneno yote ya herufi mbili, zaidi ya 120, na anajua kuwa lenye Q kati ya hayo ni moja tu, qi. Mwulize neno la herufi tano lenye Q lisilo na U, atakujibu niqab au talaq papo hapo. Wellington Jighere wa Nigeria alipotwaa ubingwa wa dunia mjini Perth mwaka 2015, Mwafrika wa kwanza kufika hapo, wengi walistaajabu jinsi Wanigeria walivyothamini maneno ya herufi tano hata pale walipokuwa na refu zaidi mkononi. Neno fupi halimfungulii mpinzani njia. Ndani ya orodha hiyo hiyo ya Kiingereza utakuta pia bwana na uhuru, yote mawili ya herufi tano, yote mawili halali. Wanafunzi walipoyaona walifurahi, kisha mmoja akauliza ni kitabu gani kinachoyapanga hivyo kwa Kiswahili. Kwa ajili ya swali hilo nimeshika kalamu.

Seti inayopatikana kwetu ni ya Kifaransa. Ina vibao 102. E zimo 15, lakini K ni moja, W ni moja, Y ni moja, na kila moja ina alama 10 kwa kuwa Kifaransa hakizitumii sana. Tafadhali, Mheshimiwa, jaribu kuandika kuku kwa K moja. Jaribu wewe, jaribu yeye, jaribu kikapu na kukaa. Mtoto wa Munigi hana budi kutumia kibao kitupu, navyo ni viwili tu kwenye mfuko mzima. Papo hapo akiandika wa, kineno tunachokitamka kutwa kucha, anavuna alama 11 bila kutoa jasho. A, inayofunga vitenzi vyetu vingi, ni tisa tu, na mwenye bahati mbaya hubaki na Q mkononi mpaka mwisho, akikatwa alama kwa herufi isiyo ya lugha yake.

Hesabu za namna hiyo hupangwa na mtu. Mmarekani Alfred Butts, aliyebuni mchezo huu miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti, New York Times likiwemo, ndipo akaamua E ziwe ngapi na Z ngapi katika seti ya Kiingereza. Kazi kama hiyo kwa Kiswahili inataka subira tu.

Penye ugumu ni kwenye vitenzi, na hapo nawaomba kwa unyenyekevu mtumie mamlaka yenu. Kitenzi cha Kiingereza kina maumbo machache. Chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa: tutakapowaona ni herufi 13 kwenye ubao wenye nafasi 15 kwa kila mstari. Lihesabiwe? Mimi nasema lihesabiwe, maana kulikataa ni kukikataa Kiswahili chenyewe. Wenzangu wanahofia kwamba orodha ya namna hiyo haitakuwa na mwisho, nao wana hoja. Na ch iwe kibao kimoja au viwili? Ng' je? Kwa sasa mambo hayo huamuliwa na mwenye sauti kubwa.

Lililobaki ndilo linalonigusa zaidi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya Kongo ya 2006, lakini katika kamusi zinazotufikia ni nadra kuyaona maneno yetu: sombe, yaani majani ya muhogo, makayabu, yaani samaki wa chumvi, na chukudu. Chukudu ndicho chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachoshusha mkaa na viazi mpaka Goma. Mji umekijengea sanamu. Wengine huandika tshukudu, kwa mkono wa Kifaransa, na mchezoni herufi moja huamua mshindi. Siombi sarufi ya mtaani kwetu iguse Kiswahili sanifu. Najua kwa nini kwenu ni watoto na si batoto. Naomba tu majina ya vitu tunavyokula na kusukuma kila siku yapokelewe, kwa tahajia moja.

Ikiwapendeza, Mheshimiwa, tutumieni kurasa zozote za Kiswahili mnazoziamini. Herufi zake tutazihesabu sisi, darasa zima, kwa kalamu na daftari, na majibu tutayaleta Zanzibar kwa njia yoyote mtakayotuelekeza.

Nabaki mtumishi wako mnyenyekevu,

Mwalimu, Munigi