Muulize Shangazi wa Stendi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Handeni. Kwenye insha ya Kiingereza niliandika kwamba tulipanda "coaster" saa moja asubuhi, yaani "one o'clock", na tulipofika Sindeni abiria wakashuka, "they dug medicine". Mwalimu kaweka alama tatu za kuuliza, zote nyekundu. Nimekosa wapi?*
*Mchimba Dawa*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako ana huruma, mimi ningeweka sita. Saa moja yetu ya asubuhi kwao ni "seven". Ulivyoandika wewe, mliondoka Handeni wachawi wangali kazini.

Kosta tunaijua sote, mpaka kuku wanaosafirishwa humo. Lakini kwa Mwingereza "coaster" ni kile kibao cha kuwekea glasi ili meza isilowe. Amesoma kwamba watu thelathini wamebanana chini ya kikombe cha chai wakielekea Korogwe. Andika "minibus".

Hiyo dawa sasa! Sisi tulilifunika jambo kwa adabu, wewe ukalifukua kwa jembe. Waingereza nao wana haya zao: husema wameitwa na maumbile, "a call of nature". Tumia pazia lao, letu liache huku. Na uangalie vizuri kilichokuponza. Maneno magumu uliyatafuta kwenye kamusi, yakatoka salama. Haya mepesi uliyadhania ndugu zako, hukuyauliza hata jina la baba.

*Shangazi, nilimwandikia rafiki yangu wa Uingereza kwamba Jumamosi naenda "on safari" Korogwe, kumpokea mama mdogo stendi. Amejibu nimpigie picha simba. Nifanyeje?*
*Asiye na Kamera*

Mpigie picha mama mdogo.

Neno ni letu, wao wameazima. Richard Burton, aliyefuata bonde la Pangani mwaka 1857 hadi Fuga kwa mfalme Kimweri, ni mmoja wa waliolitia mapema katika Kiingereza, na enzi hizo lilikuwa bado mwendo wa miguu na mizigo. Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909 likabebeshwa bunduki, na mpaka leo halijaitua. Sisi hatukuwahi kulifungia mbugani. Katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901, Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Simba gani wa Siberia?

Kwa Korogwe andika "trip". "Journey" iweke akiba, mvua ikikata barabara utaihitaji.

*Shangazi, nilikula wali maharage Korogwe. Naweza kuandika kwamba niliingia "hotel", nikatoka baada ya nusu saa nimeridhika?*
*Baba Watatu*

Hoteli yetu ni ya kula, yao ni ya kulala. Andika "restaurant", hata kama ni benchi moja chini ya turubai. Hasa ikiwa mama watoto anasoma Kiingereza.