Picha Haziliwi

Ukinikuta nimenuna hapa kijijini Githongo, usidhani bonasi ya majani chai imenipiga chenga. Sina hata shina moja. Mimi nina digrii ya kuchora.

Ugonjwa ulinianza nikiwa darasa la pili. Mama alirudi kutoka kuchuma chai, kikapu bado mgongoni, akakuta mlango wa jikoni umejaa ng'ombe wa makaa. Nilichapwa. Jioni nikamsikia akimwonyesha jirani: "Hebu mtazame huyu, si ni yule wetu wa pembe moja?" Kumbe viboko vilikuwa vya kutimiza desturi tu.

Baba naye hakuwa na sifa za siri kama hizo. Nilipomwambia naenda chuo kikuu kusomea sanaa, aliuliza, "Picha zinaliwa?" Nikajitetea kwa mfano wa mchoraji Elimo Njau, aliyesoma Makerere, akachora picha tano za Yesu Mwafrika katika kanisa la Mtakatifu Yakobo kule Murang'a, kazi iliyokamilika 1959. Baba akatikisa kichwa kwa heshima. "Na kanisa lilimlipa ngapi?"

Hilo mhadhiri hakutufundisha.

Sasa nimehitimu, na kijiji kizima kimegundua kuwa picha ni muhimu, mradi ziwe za bure. Jioni wazazi wenye watoto katika mtaala wa umilisi wanabisha hodi na karatasi za manila: mtoto ana kazi ya sanaa, tena ni ya kesho asubuhi. Ukitaja pesa, unaulizwa kama umesahau ulikozaliwa.

Juzi mwenye duka la dawa za mifugo aliniita nimchoree ng'ombe wa gredi ukutani. Siku mbili nimekalia kreti la soda, natia kivuli kwenye kiwele mpaka kikaonekana kizito. Mwenyewe akaja, akainama, akahesabu chuchu kwa kidole.

"Mbona tatu?"

Nikamweleza ya nne imefichwa na mguu. Akasema mteja hanunui chuchu iliyofichwa. Nikaongeza. Leo ng'ombe yule ana chuchu inayochungulia karibu na goti, na wapita njia wote wanamsifu.

Malipo? Kilo mbili za chumvi ya ng'ombe.

Nikampelekea baba. Akaimwaga kwenye hori, ng'ombe wakairamba mpaka ubao ukang'aa. Baba akawatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe zinaliwa," akasema.