Barua ya Matufaha kutoka Kent

Kwa jamaa wote wa barazani: mimi ni buheri wa afya, isipokuwa baridi ya huku, ambayo haina dawa wala haina haya.

Mliniuliza watu wa hapa hula nini. Mwezi huu wa Oktoba hula matufaha, na wasipoyala huyajadili. Kwani watu hawa, wawezao kusafiri kwa gari la moshi mpaka London wasitamke neno ila kumtaka radhi aliyewakanyaga, wasimamapo mbele ya kapu la matufaha ndimi huwafunguka, wakawa mafakihi, kila mmoja na madhehebu yake. Na madhehebu ni mengi: Brogdale, karibu na Faversham, zimehifadhiwa aina zaidi ya 2,000.

Bibi mwenye nyumba ninayokaa ni wa madhehebu ya Cox, tufaha lililooteshwa yapata 1825 na Richard Cox, mzee aliyestaafu biashara ya kupika pombe (Mola amghufirie pombe yake kwa tufaha lake). Kwa sura si kitu, dogo, la rangi ya kutu. Lakini yale mekundu yaliyopakwa nta yakang'aa, yeye huyaita mapambo ya meza, nami kimoyomoyo husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hulitwaa Cox lake, akalipima uzito kiganjani, akalibonyeza taratibu, kisha, wallahi sisemi uongo, akalitikisa sikioni, kwa kuwa likiwiva barabara mbegu zake huachana na nyama zikacheza ndani. Halafu huling'ata. Lisipoalika menoni na maji yake kuruka, hulihukumia sufuria.

Yaliyofuzu huwekwa ghalani kwenye baridi, maana tufaha hupumua hata likisha kuchumwa, na katika joto huzeeka upesi likawa unga mtupu. Ndizi zangu zimeharimishwa kukaa nayo faragha, ati hewa itokayo kwenye tunda bivu humharakisha jirani yake kuiva.

Liko pia Bramley, kubwa, la kijani, kali kupita kiasi. Mbegu yake aliipanda binti, Mary Ann Brailsford, kule Southwell mwaka 1809, lakini jina likachukuliwa na muuza nyama aliyeinunua baadaye nyumba yenye mti huo. Dhuluma hiyo sijasikia mtu akiilalamikia. Hilo hupikwa kwa sukari. Mwenzetu mmoja wa Tanga, asiyeambiwa, aliling'ata likiwa bichi, akafumba macho akamwita mamake. Keshoye alirudi na chumvi na pilipili, akalikata vipande akalila kama embe bichi, akaomba jingine, na bibi nusura azimie.

Hukumu yangu basi ni hii: Cox kwa kutafuna, Bramley kwa chumvi na pilipili. Naye atakayejaaliwa kuja huku, tafadhali afunge pilipili kichaa za kutosha, kwani hizi zinazouzwa hapa hazimlizi hata mtoto.